Uzi wa stadi umeliwa? Usiuze injini ya mzee kwa kilo

Kama kwenu Runyenjes, Chuka au Nkubu kuna Volkswagen Beetle ya mzee iliyolala chini ya mti tangu ukiwa darasa la nne, unajua vile hadithi yake husimuliwa. Injini ilikufa. Kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mnunuzi wa skrapu amepita mara mbili tatu na mizani yake. Mzee hataki kuuza, lakini pia hana pesa ya injini nyingine, na sasa wewe ndiwe unaulizwa: kijana, uko na intaneti kwa simu, tufanye nini?

Kabla hujajibu, ngoja kwanza. Mara nyingi kilichokufa kwenye injini hizi ni uzi wa shimo moja au mawili, sehemu fupi kuliko kidole chako cha mwisho. Nati inazunguka lakini haikazi. Hedi inalegea, injini inapoteza nguvu, na mtu anatangaza kwamba gari limeisha. Fundi mwenye keekee, tapu na subira anaweza kuurudisha uzi huo. Akikosea, anaweza kuharibu kabisa kile kilichokuwa kinapona. Ndiyo maana inafaa uijue kazi hii kabla ya kumkabidhi mtu yeyote injini ya nyumbani.

Na kama kwenu hakuna Beetle, usiondoke. Boda boda nyingi unazopanda pale Makutano, Meru, au stendi ya Embu zina injini ya aina hiyohiyo kwa tabia: hupozwa kwa upepo, zina bodi ya madini laini, na uzi wake huliwa vilevile. Tutafika huko.

Gari lililopanda milima bila maji

Beetle haina rejeta. Haihitaji maji. Nyuma yake kuna silinda nne zilizolazwa, mbili kila upande, na feni inayozungushwa na mshipi husukuma hewa juu ya mapezi ya silinda hizo. Kwa nchi ya vumbi, joto na barabara mbovu, hilo lilikuwa jambo kubwa. Huna maji ya kuchemka, huna paipu ya kupasuka.

Sifa yake haikuletwa na matangazo pekee. Mashindano ya magari ya Safari yalipoanza mwaka wa 1953, yakiitwa Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, Alan Dix na Johnny Larsen waling'ara wakiwa na Volkswagen. Mwaka uliofuata Vic Preston na D.P. Marwaha walishinda kwa gari la aina hiyo. Volkswagen ilishinda tena mwaka wa 1957, na mara nyingine mwaka wa 1962. Gari lililotoka kwenye matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika likiwa mbele halikuhitaji mtu wa kulipigia debe kwa mwalimu au karani aliyekuwa akitafuta gari la kwanza.

Kiwanda cha mwisho kilichounda Beetle hizi za zamani, kule Puebla, Mexico, kilifunga kazi hiyo Julai 2003. Kufikia hapo zilikuwa zimeundwa zaidi ya milioni 21 duniani. Kwa hivyo hii ya kwenu si ya ajabu, na hilo ni jambo zuri: spea bado zinatengenezwa, na njia za kuitibu zinajulikana.

Kwa nini uzi huliwa

Stadi ni ule mwamba mrefu wa chuma wenye uzi pande mbili. Upande mmja huingia kwenye bodi ya injini, upande wa pili hupokea nati. Beetle ina stadi 16 za kushikilia hedi, nane kila upande. Hizo ndizo zinazobana silinda katikati ya hedi na bodi. Hakuna gasketi kubwa ya hedi kama kwenye Probox. Kila kitu kinategemea mbano wa zile stadi.

Tatizo ni kwamba stadi ni chuma kigumu, ilhali bodi ya injini imeundwa kwa mchanganyiko wa magnesi, madini mepesi na laini. Hedi nayo ni ya alumini. Injini ikipata moto, magnesi na alumini hutanuka karibu mara mbili ya vile chuma hutanuka. Fikiria mlima wa kutoka daraja la Nithi kuelekea Meru, gari limejaa watu na magunia, gia ya pili. Hedi inavimba, stadi inakataa kurefuka kwa kiwango hicho, na nguvu yote inahamia kwenye uzi ulio ndani ya magnesi. Injini ikipoa, mambo yanarudi. Fanya hivyo kila siku kwa miaka 40, na siku moja uzi unang'oka ukiwa umeshikana na stadi, mviringo mzima wa madini.

Hata Volkswagen wenyewe walilijua hilo. Katika miaka ya 1970 waliacha stadi nene za milimita 10 wakatumia za milimita 8, ambazo hunyumbulika zaidi injini inapopata moto, na wakaanza kuweka vikombe vya chuma vyenye uzi ndani ya bodi tangu kiwandani. Porsche 911 za lita 2.7 za miaka hiyo, ambazo nazo zilikuwa na bodi ya magnesi, zilisumbuliwa na ugonjwa huohuo. Kwa hivyo mzee asione haya. Ugonjwa wake ni wa matajiri pia.

Halafu kuna makosa ya binadamu. La kwanza ni kukaza kupita kiasi. Stadi ya milimita 10 inahitaji takriban nyutoni-mita 32 tu, na ya milimita 8 inahitaji kama 25. Bolti za magurudumu ya gari hilohilo hukazwa karibu mara tatu ya hapo au zaidi. Fundi anayekaza kila kitu kwa nguvu ya bega, akiongeza na paipu kwenye spana, anang'oa uzi bila kujua. La pili ni kuacha injini ichemke: mshipi wa feni umelegea, panya amejenga kiota kwenye mapezi, au zile bati zinazoelekeza hewa zilitolewa siku ya matengenezo na hazikurudishwa kwa sababu zilionekana kama urembo. Si urembo. Bila bati hizo, upepo wa feni unapotea ovyo, na hewa ya moto ya chini inarudi juu.

Utajuaje?

Sikiliza. Hedi iliyolegea hutoa mlio wa kukoroma au kupuliza, chaf-chaf-chaf, hasa gari likipanda mlima, na hupungua likiwa kwenye tambarare. Angalia mahali silinda inapokutana na hedi: masizi meusi hapo ni moshi unaopita pasipofaa kupita. Oili inayolowesha shina la silinda ni dalili nyingine. Pima kompresheni, silinda mbili za upande mmoja zikiwa chini kuliko za upande wa pili, anza kushuku stadi za upande huo.

Uthibitisho hupatikana kwa mkono. Injini ikiwa baridi kabisa, weka spana kwenye nati ya stadi na ukaze polepole. Nati nzima hufika mahali ikagoma. Nati ya stadi iliyong'oka huzunguka, huzunguka, na inabaki laini kama siagi. Ukihisi hivyo, acha hapo hapo. Kila mzunguko unaoongeza unakwangua madini ambayo fundi atayahitaji.

Kabla ya kulipia chochote, fanya ukaguzi mmoja zaidi. Shika puli ya krenki, ile ya chini inayozungusha mshipi, uivute nje na kuisukuma ndani. Kipimo kinachoruhusiwa hakizidi milimita 0.15, kiasi ambacho mkono wako hautakisikia vizuri. Ukisikia inagonga mbele na nyuma, basi ndani kumelika, na kurudisha uzi peke yake ni kupaka rangi nyumba inayoanguka. Kagua pia bodi karibu na silinda ya tatu, ambayo huwa na joto kali kwenye injini za zamani. Ufa hapo hubadilisha hesabu yote. Ni bora ujue mapema kuliko kujua baada ya chapaa kuisha.

Dawa za uongo

Utaambiwa mengi. Kuna atakayekuambia ufunge uzi wa stadi kwa karatasi ya bati au kipande cha waya kisha ukaze. Itashika hadi mlima wa kwanza. Kuna atakayejaza gundi ya chuma. Gundi hiyo inafaa kwa tobo la tangi, lakini stadi inavuta kwa nguvu kubwa ndani ya joto. Kuna atakayetaka kutia bolti nene zaidi kwa lazima, akate uzi wake mwenyewe. Hapo anaweza kupasua bodi.

Na kuna atakayetaka kuchomelea. Huyo mkatalie bila kusita. Bodi ya magnesi haichomelewi na mashine ya kawaida ya kuchomelea mageti. Inahitaji gesi maalumu, waya maalumu na mtu aliyefunzwa.

Kazi yenyewe

Dawa ya kweli ni kuweka uzi mpya wa chuma ndani ya shimo lililochoka. Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni koili ya waya mgumu usioshika kutu, inayojulikana sana kwa jina Helicoil. Ya pili ni kikombe kizima cha chuma chenye uzi ndani na nje, kwa mfano cha milimita 14 kwa nje na 10 kwa ndani. Kwa stadi za hedi ya Beetle, wajenzi wengi wa injini hupenda kikombe kizima, kwa sababu kinashika eneo kubwa la magnesi. Koili inatosha vizuri kwa stadi ndogo za ekzosi na bolti nyinginezo. Ukikosa vikombe vya kununua, fundi mzuri wa leithi anaweza kuvichonga, mradi apewe vipimo sahihi.

Injini ya Beetle hushikiliwa na bolti nne kwenye gia. Ukishatoa waya za betri, paipu ya petroli, kebo ya mafuta na kebo za hita, watu wawili na jeki wanaishusha. Ina uzito wa zaidi ya kilo 100, kwa hivyo usijitie ushujaa. Kisha hutolewa bati, ekzosi, hedi na silinda, hadi stadi zote 16 zinabaki wazi. Hapo fundi huzijaribu moja moja.

Shimo lililoharibika hutobolewa liwe pana kidogo. Hapa ndipo kazi hufaulu au huharibika. Tobo lazima liwe wima kabisa. Likiinama kidogo tu, stadi yenye urefu wa zaidi ya sentimita 15 itatoka pembeni na haitaingia kwenye tundu la hedi. Fundi makini hatoboi kwa macho. Hutumia mashine ya kusimama, au kipande cha chuma chenye tundu kinachofungwa juu ya bodi ili kuongoza keekee, na hupima kwa skwea. Hufunga utepe kwenye ncha ya keekee kuonyesha kina cha kuacha, kwa sababu baadhi ya mashimo hupenya hadi ndani ya injini.

Kisha huja tapu, inayokata uzi mpya. Huzungushwa kwa mkono, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili kuvunja mabaki. Mafuta mepesi ya kukatia ni lazima. Mashimo mengine yote huwa yamezibwa kwa vitambaa safi, na tapu hupakwa grisi ili inase mabaki. Usidanganywe kwamba sumaku itayatoa baadaye. Sumaku haivuti magnesi wala alumini.

Shimo likisafishwa kabisa, kikombe hupakwa gundi ya kufungia uzi na kuingizwa hadi kishuke kidogo chini ya uso wa bodi, la sivyo silinda haitakaa sawa. Ikiwa ni koili, kile kijiti cha mwisho kilichotumika kuizungusha huvunjwa na kutolewa nje. Ukikiacha ndani, kitatembea. Stadi hurudishwa kwa mkono. Haisukumwi kwa nguvu hadi ikwame chini.

Je, utengeneze moja tu au zote? Kama moja imeng'oka, zilizobaki zimepitia joto na miaka ileile. Ukiwa tayari umeishusha injini, gharama kubwa ya kazi imeshalipwa. Nusu ya kazi leo mara nyingi ni kazi nzima mwakani.

Chunga moto

Hili lisome mara mbili. Bodi nzima ya magnesi haishiki moto kirahisi, lakini vumbi na nyuzi zake zinazotoka kwa keekee hushika moto haraka, na huwaka kwa mwanga mweupe mkali na joto la kutisha. Ukimwagia maji, unauchochea. Kwa hivyo kazi hii haifanywi karibu na mashine ya kuchomelea, jiko la makaa au mtu anayevuta sigara. Keekee izunguke polepole, iwe kali, na mabaki yafagiliwe kila mara. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Kama gereji unayoenda inachomelea mageti mita mbili kutoka kwa benchi ya injini, peleka injini yako kwingine.

Kukaza kwa hesabu

Wakati wa kurudisha hedi, weka sili mpya za ile mirija minane inayopitisha fito za valvu, la sivyo utakuwa umeponya kifua na kuacha pua ikitiririka. Nati hukazwa kwa hatua. Kwanza zote hadi nyutoni-mita 10, kisha hadi kipimo cha mwisho, 32 kwa stadi za milimita 10 au 25 kwa za milimita 8. Huanzwa katikati na kwenda nje kwa mfuatano wa msalaba, ili hedi ikae sawa. Chombo chake ni toki renchi. Fundi asiye nayo anakisia, na kukisia ndiko kulikoleta ugonjwa huu.

Valvu hupimwa injini ikiwa baridi, nafasi ya milimita 0.15. Zipimwe tena baada ya kilomita 500 hivi. Kisha linda kazi hiyo: bati zote mahali pake, mshipi wa feni ukibonyezwa kwa kidole gumba uingie kama sentimita moja na nusu, na mlimani teremsha gia mapema badala ya kuikaba injini.

Sasa, wewe wa boda

Injini nyingi za boda zina bodi na hedi za alumini, na bolti za chuma. Sehemu tatu huumia zaidi: bolti ya kumwaga oili, tundu la plagi na stadi za ekzosi. Bolti ya oili huliwa kwa sababu hukazwa kwa hasira kila baada ya wiki chache. Ikianza kuvuja, watu hukaza zaidi, ilhali mara nyingi kinachohitajika ni washa mpya.

Plagi nayo isitolewe injini ikiwa moto. Kuirudisha, anza kwa vidole. Chukua kipande cha paipu ya mpira, chomeka kichwa cha plagi ndani, uzungushe. Ikiingia pembeni, mpira utateleza na kukuonya kabla uzi haujaharibika. Spana huja mwishoni tu. Uzi wa plagi ukiwa umeshaliwa, Helicoil ya ukubwa sahihi huuponya, lakini ni heri hedi itolewe kwanza. Mabaki ya alumini yakianguka ndani ya silinda yatakwaruza pistoni, na utakuwa umebadilisha shida ya asubuhi moja kuwa shida ya mwezi.

Maswali ya kumuuliza fundi

Usiende gereji kunyamaza. Kwa heshima, muulize: utatoboa kwa mkono au kwa mashine? Utatumia koili au kikombe? Mabaki utayazuiaje yasiingie ndani? Una toki renchi? Naomba nione uzi wa zamani ukishautoa. Fundi anayeijua kazi hatakasirika. Atafurahi kupata mteja anayeelewa analipia nini. Mkubaliane bei na idadi ya mashimo kabla injini haijafunguliwa, maana injini iliyo vipande vipande haina uwezo wa kujadiliana.

Na kama unaona hii kazi inakuvutia, kuna riziki ndani yake. Wanaobadilisha spea ni wengi. Wanaoweza kuokoa bodi ambayo wengine wameitupa ni wachache, na ujuzi wa uzi unahamia kwenye jenereta, mashine za kukata majani, pikipiki na pampu za maji. Vyuo kama Meru National Polytechnic hufunza ufundi wa mitambo, na kama ulijifunzia jua kali bila cheti, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza.

Mnunuzi wa skrapu akirudi na mizani yake, mwombe muda. Ingia chini ya gari asubuhi, injini ikiwa baridi, na spana mkononi. Jaribu nati zote 16, moja baada ya nyingine, na uandike zile zinazozunguka bila kukaza. Karatasi hiyo itamwambia mzee kama gari lake linauzwa kwa kilo au linarudi barabarani.